Msimamizi wa Daraja Asiyekuwa na Cheo

Katika kurasa kama hizi mara nyingi twaandika habari za mafanikio ya shule zetu: bustani zilizostawi, wanafunzi waliofaulu mitihani, na nyumba zilizojengwa kwa nguvu za watu wengi. Leo hatuna budi kuandika habari ya kosa. Kosa lenyewe ni letu sisi tunaoandika, wala si la mtu mwingine. Nalo ndilo lililotufunza kuisoma upya habari ya mwanamke mmoja aliyesimamia ujenzi wa daraja kubwa, habari ambayo tulidhani twaijua.

Mwaka juzi shule yetu ilianza kujenga bweni la wasichana. Kabla ya hapo wasichana waliokaa mbali walitembea mwendo wa saa mbili kila asubuhi, na wakati wa masika mito ilipofurika wengine walikosa masomo majuma mazima. Wazazi wakakutana, wakakubaliana kila nyumba itoe kadiri ya uwezo wake. Waliokuwa na fedha wakatoa fedha. Wengine wakaleta mawe na mchanga, wengine kuku na mahindi ya kuuzwa. Ramani ilionyesha nyumba yenye urefu wa meta 18 na upana wa meta 8. Usimamizi tukapewa sisi: kuhesabu mifuko ya saruji, kuandika siku za vibarua, na kuangalia kazi ya fundi.

Fundi mwashi alikuwa mzee anayeheshimiwa, na nyumba alizozijenga zasimama hata leo. Siku ya kupiga kamba za msingi alikuwa na haraka, maana mawingu yalikuwa yakikusanyika, na pembe moja aliikadiria kwa macho. Alasiri akaja msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Mwezi ule ule tulikuwa tumewafundisha ya kuwa pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5 ina pembe mraba. Mkononi alikuwa na kamba aliyoifunga mafundo kila meta moja.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema. “Naomba nipime pembe ile ya mashariki. Naona kama haikukaa sawa.”

Fundi alikuwa akisikia, na vibarua wakaacha kuchimba ili watazame. Tukaona haya mbele ya mzee yule. Tukamwambia, “Mwanangu, ujenzi una wenyewe. Nenda kawasaidie wenzako jikoni, vibarua hawajala.” Watu wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao. Msichana akaikunja kamba yake, akaenda zake. Hatukumpiga wala hatukumtukana, na kwa sababu hiyo hatukudhani ya kuwa tumemkosea.

Kuta zilipofika kwenye lenta, akaja fundi wa paa kuchukua vipimo vya kenchi. Akapima kona kwa kona, akapima tena, akatuita. Urefu mmoja ulizidi mwingine kwa sentimita 20. Tulipotafuta sababu, tukaona ya kuwa ukuta mfupi wa mashariki umepotoka kadiri ya shibiri moja. Akatuambia kwa upole ya kuwa aweza kuezeka, lakini mabati yatakwenda upande, na mvua itapata njia.

Basi ukuta ule ukabomolewa, na msingi wake ukachimbwa upya. Mifuko 14 ya saruji ikapotea, na matofali yaliyovunjika hatukuyahesabu. Lakini hasara kubwa haikuwa ya saruji. Bweni lililotazamiwa kufunguliwa mwezi wa Januari halikufunguliwa, na wasichana wale wakatembea njia ile ile masika nyingine nzima. Kila asubuhi tuliwaona wakifika na matope hata magotini, naye mwenye kamba yu miongoni mwao. Hakutuambia neno.

Mbele ya mkutano wa wazazi tulikiri ya kuwa hatukukagua kama ilivyotupasa. Wakatusamehe. Lakini kwa yule msichana hatukupata maneno, kwa kuwa si rahisi mwalimu kumwomba radhi mwanafunzi wake. Ndipo tukakumbuka habari tuliyoisoma zamani, ya Bibi Emily Roebling na daraja la Brooklyn. Tukasema moyoni, tutaisimulia darasani, naye ataelewa ya kuwa twamkusudia yeye. Habari yenyewe ni hii.

Katika mji wa New York, huko Marekani, kuna mlango wa maji uitwao East River, unaotenga Manhattan na Brooklyn. Siku zile Brooklyn ulikuwa mji wa peke yake. Haukuunganishwa na New York mpaka mwaka 1898. Watu walivuka kwa vyombo, na wakati wa baridi kali barafu iliwazuia. Mhandisi mmoja mzaliwa wa Ujerumani, John A. Roebling, akatunga daraja la kuning’inizwa kwa kamba nene za nyaya za chuma. Mwaka 1869, alipokuwa akipima mahali pa kujenga, chombo cha kuvukia kilimponda mguu. Akashikwa na pepopunda, akafa tarehe 22 Julai, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Kazi ikamwangukia mwanawe, Washington Roebling, mwenye umri wa miaka 32. Mke wake ndiye Emily Warren, aliyezaliwa mwaka 1843 katika mji mdogo wa Cold Spring, jimbo la New York. Walioana mwaka 1865.

Daraja lilihitaji minara miwili ya mawe iliyosimama ndani ya maji. Ili kupata msingi, walitengeneza sanduku kubwa mno la mbao lisilo na sakafu, wakalizamisha, wakalijaza hewa kwa nguvu ili maji yasiingie. Wafanya kazi walishuka ndani, wakachimba udongo na mawe ya chini ya mto, na sanduku likazidi kushuka huku mnara ukijengwa juu yake. Upande wa Brooklyn lilifika karibu meta 14 chini ya maji, na upande wa Manhattan karibu meta 24. Lakini hewa ile iliyoshindiliwa ilikuwa na hatari ambayo watu hawakuielewa bado. Sehemu ya hewa huingia katika damu; na mtu akipanda juu upesi, hugeuka mapovu mwilini, ikaleta maumivu makali, kupooza, hata kifo. Washington Roebling hakukaa juu akiwaamuru wengine, bali alishuka pamoja nao mara nyingi. Mwaka 1872 akavunjika afya kabisa. Tangu hapo hakuweza kusimamia kazi kwa kuwapo mwenyewe. Akili yake ilikuwa nzima, lakini mwili ulimkatalia. Hata kuzungumza na watu wengi kulimchosha.

Katika hali hiyo wengi wangalisema, na atafutwe mhandisi mwingine. Bibi Emily akakaa kitandani pa mumewe, akaandika. Mwanzoni aliandika maneno aliyoambiwa tu. Lakini barua za ujenzi si salamu. Mwandishi asiyeelewa maana hukosea tarakimu moja, na tarakimu moja yaweza kuangusha nyumba. Kwa hiyo akajifunza. Alijifunza hesabu za juu, na nguvu za vyombo vya ujenzi, na namna kamba inayoning’inia inavyojipinda kwa uzito wake, na jinsi nyaya zinavyosokotwa na kufungwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1867, alikuwa amesafiri na mumewe Ulaya, alipokwenda kuchungua kazi ya masanduku yale ya kuzamishwa. Kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni kwake kabisa.

Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi yeye ndiye aliyekwenda mahali pa kazi, akachukua maagizo kuwapelekea wahandisi wasaidizi, akarudi na maswali yao. Wahandisi wale walikuwa watu hodari, wala hatusemi ya kuwa alijenga peke yake. Lakini maneno yote yalipita kwake. Alitunza kumbukumbu, alijibu barua, aliwapokea wenye viwanda na wajumbe wa baraza la wadhamini wa daraja. Magazeti ya wakati ule yalisimulia jinsi wenye viwanda vya chuma walivyokuja kumwuliza mhandisi juu ya vipande vya namna mpya vilivyotakiwa, wakastaajabu kumwona Bibi Roebling akiketi nao na kuwatatulia mashaka yao. Wako waliodhani ya kuwa yeye hasa ndiye mhandisi. Katika miaka ya mwisho mumewe aliitazama kazi kwa darubini kutoka dirisha la nyumba yao huko Brooklyn, naye mkewe alikuwa miguu yake na ulimi wake.

Mashaka hayakukosa. Mwaka 1878 iligunduliwa ya kuwa mwuzaji wa nyaya amewadanganya. Nyaya njema zilikaguliwa na kupewa hati, kisha njiani zikabadilishwa, zikapelekwa mbovu, na nyingi zilikwisha sokotwa ndani ya kamba kubwa. Hazikuweza kutolewa. Lakini daraja lilikuwa limetungwa liwe na nguvu mara sita kuliko haja yake. Wakapiga hesabu, wakaongeza nyaya 150 njema katika kila moja ya kamba zile nne, na daraja likabaki salama. Sisi tuliobomoa ukuta mzima kwa kukataa kipimo cha dakika kumi twaielewa vema habari hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka 1882 baadhi ya wakubwa walitaka kumwondoa Washington Roebling katika cheo chake, wakisema hawawezi kuwa na mhandisi mkuu wasiyemwona. Baraza likapiga kura: 10 wakataka abaki, 7 wakataka aondolewe. Akabaki. Daraja lilipokuwa karibu kufunguliwa, Bibi Emily alikuwa wa kwanza kulivuka kwa gari la farasi, akiwa amemchukua jogoo hai kuwa ishara ya ushindi. Tarehe 24 Mei 1883 likafunguliwa rasmi, na nafasi iliyo kati ya minara yake miwili ni meta 486. Siku hiyo mjumbe wa bunge, Abram Hewitt, alimtaja Bibi Emily mbele ya watu wote, akasema ya kuwa daraja hilo litakuwa ukumbusho wa kujitoa kwake, na wa uwezo wa wanawake kupata elimu ya juu waliyonyimwa muda mrefu.

Hapo ndipo tulipoikomesha habari darasani, tukatazamia furaha. Kijana mmoja wa mbele akasema, “Kumbe alikuwa akimsaidia mumewe tu.” Tulikuwa karibu kumkubalia, kwa maana kweli ndivyo tulivyoisimulia: mke mwema aliyemsaidia mume mgonjwa. Ndipo yule msichana mwenye kamba akainua mkono.

“Mwalimu, mama huyu kazini aliitwa nani?”

Tukajibu, “Aliitwa Bibi Roebling.”

“Hilo ni jina la mumewe. Mimi nauliza cheo chake.”

Tukasema ya kuwa hakuwa na cheo. Cheo cha Mhandisi Mkuu kilikuwa cha mumewe tangu mwanzo hata mwisho.

“Kwa hiyo,” akasema, “walimwacha apime, lakini hawakumwandika.” Akaketi.

Darasa likanyamaza, na sisi pia. Tuliona ya kuwa hatukumwomba radhi hata kidogo. Tulikuwa tumempa habari ya mtu aliyetendewa kama yeye, tukamtaka aifurahie. Tena yeye alitendewa vibaya zaidi. Bibi Emily aliachwa apime, yeye alipelekwa jikoni.

Usiku ule hatukulala upesi. Tulifikiri, usimamizi wa ujenzi ni nini hasa? Si kushika mwiko, maana mwiko una fundi wake. Wala si kubeba zege. Twaona ni mambo matatu. La kwanza ni kujua: kujua vipimo, na bei, na siku, na kazi ipi hutangulia ipi. La pili ni kupeleka neno kwa uaminifu kati ya wanaoagiza na wanaotenda, bila kuongeza wala kupunguza. La tatu ni kuandikwa, yaani jina lako liwe chini ya hesabu, ili usifiwe kwa haki na kulaumiwa kwa haki. Bibi Emily alikuwa na mambo mawili ya kwanza kwa ukamilifu. La tatu hakupewa. Barua nyingi zilitoka katika mkono wake kwa jina la mumewe. Asiye na cheo hata akisema kweli, neno lake huonekana la kuazima. Na anayetaka kulidharau hulidharau bila hofu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hawakusema chanda chema kisifiwe, kisha pete ivikwe kingine.

Na tusidhani ya kuwa mwenyewe hakuliona jambo hilo. Baada ya daraja alijifunza sheria, akapata hati katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1899, na insha aliyoandika ilihusu mambo ambayo sheria za wakati ule zilimnyima mwanamke aliyeolewa. Alifariki mwaka 1903. Miaka miwili baadaye, mwaka 1905, Nora Stanton Blatch alipata shahada ya uhandisi wa ujenzi katika Chuo Kikuu cha Cornell, mwanamke wa kwanza kuipata shahada hiyo chuoni hapo. Hata hivyo, mwaka 1916 chama cha wahandisi wa ujenzi wa Marekani kilimkatalia uanachama kamili, akakishtaki, akashindwa. Chama hicho hicho kilimpa heshima yake mwaka 2015, naye alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Katika daraja la Brooklyn nako, kibao chenye jina la Bibi Emily kiliwekwa mwaka 1951, miaka 68 baada ya daraja kufunguliwa. Pete huja, lakini mara nyingi huja kaburini.

Asubuhi tukamwita yule msichana mbele ya fundi na vibarua wote, mahali pale pale tulipomcheka. Tukasema, “Mwanangu, ulituambia kweli, tukakufukuza. Twakuomba radhi.” Akatazama chini, akasema, “Yamekwisha, Mwalimu.” Kisha tukalifungua daftari la ujenzi, tukaandika kwa wino: Mkaguzi wa Vipimo; na mbele yake jina lake. Tukamwambia ya kuwa hakuna ukuta utakaoendelea mpaka ameandika vipimo, naye akikosea ataulizwa yeye.

Fundi mzee hakupendezwa. Siku ya kwanza alimshikia ncha ya kamba kama mtu anayemchezesha mtoto. Msichana akamwambia, “Babu, naomba uivute, isilegee.” Akaivuta. Juma la tatu tukasikia sauti ya mzee kutoka juu ya jukwaa: “Mwiteni yule mwenye kamba, sitaki kubomoa mara ya pili!” Tangu hapo vipimo vilipokwisha kuandikwa, mzee alitia sahihi yake chini ya jina la msichana. Siku moja naye alikosea kuhesabu mabati, yakapungua matano. Akaulizwa yeye mwenyewe mbele ya watu, akajibu, akasahihisha. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Muhula ulipokaribia kwisha, baba yake akaja. Alikuwa na adabu, lakini moyo wake ulikuwa mzito. Akasema, “Mwalimu, mimi nilimleta binti yangu asome. Naambiwa ashinda juu ya kuta pamoja na vibarua.” Tukaona maneno yetu hayatafaa kitu, tukampa daftari. Akalisoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa, akifuata mistari kwa kidole.

“Huyu aliyetia mkono chini yake ni nani?”

“Ni fundi mwenyewe.”

Akalifunga daftari, akalishika magotini kwa muda. “Kama fundi mwenyewe hutia mkono chini ya jina lake, basi hii ni kazi. Sina neno.” Alipokuwa akiondoka, akageuka mlangoni akatuuliza ada ya chuo cha ufundi ni kiasi gani. Tukamwambia. Akatikisa kichwa, kwa maana si ndogo. Fedha hiyo bado yatafutwa, nasi tu miongoni mwa wanaoitafuta.

Bweni limekwisha. Mabati yamelala sawa, na masika iliyopita wasichana 32 walilala ndani yake wakisikia mvua juu ya paa. Walimu wenzetu, twawaomba jambo moja. Hatuwaombi muwasifu wasichana wenu. Sifa tunazo nyingi, tena hazina gharama. Twaomba kwamba akija mmoja na kamba yake, mwacheni apime. Na akiisha kupima, mwandikeni.